Baba amekufa sura ya pili, anapiga simu sura ya tano

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Nimeajiriwa na nina watoto wawili wadogo, kwa hiyo riwaya yangu naiandika kwa kuibia muda: nusu saa alfajiri, siku nyingine saa nzima usiku, na kuna wakati wiki nzima inapita sijaigusa. Kila nikirudi inabidi nisome tangu mwanzo ili nikumbuke nilipoishia, na nikianza kusoma naanza kurekebisha. Sura ya kwanza nimeipiga msasa mpaka inang'aa, lakini ya saba sijaifikia. Juzi nimegundua kwamba baba wa mhusika wangu mkuu, Tausi, amekufa sura ya pili halafu anapiga simu sura ya tano! Waandishi wenye vitabu vingi wanafanyaje? Wanaandika kila siku? Wanapanga kila kitu kabla? Ilhamu wanaipata wapi? Na mimi niendelee kuandika kwenye simu au nirudi kwenye daftari?

JIBU: Nianze na huyo marehemu anayepiga simu, maana naona ndiye aliyekukosesha usingizi. Hauko peke yako. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson, rafiki wa mpelelezi Sherlock Holmes, jeraha la risasi begani katika riwaya ya kwanza ya Holmes, iliyotoka mwaka 1887. Riwaya ya pili ilipotoka mwaka 1890, jeraha limeshahamia mguuni. Mwaka uliofuata, katika hadithi fupi, mke wa Watson anamwita mumewe James, ilhali jina lake ni John. Wasomaji wamebishana kuhusu bega na mguu huo kwa zaidi ya karne, na vitabu bado vinauzwa.

Kosa la aina hiyo linarekebishika kwa siku moja. Kinachonitia wasiwasi ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba kila ukirudi unasoma tangu mwanzo. Piga hesabu. Una nusu saa, na sura sita tuseme ni kurasa 60. Hata ukisoma ukurasa kwa dakika moja bila kugusa kitu, muda unakwisha ukiwa katikati, na wewe mwenyewe umesema husomi bila kugusa. Ndiyo maana sura ya kwanza inahudumiwa kila siku, ya tatu mara mojamoja, na ya sita haijawahi kusomwa tena tangu uiandike. Isitoshe, msasa huo mwingi unakwenda bure, kwa sababu sura ya kwanza ndiyo hubadilika kuliko zote rasimu ikishakamilika. Hapo ndipo mwandishi anapojua hadithi yake ilikuwa inahusu nini hasa. Miswada inayofika mezani kwangu mara nyingi ina sura ya kwanza iliyotakata na sura tatu za mwisho zilizokimbizwa kana kwamba mwandishi anawahi basi.

Utaambiwa Ernest Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, alisoma tangu mwanzo kila siku. Ni kweli: katika makala aliyoitoa mwaka 1935 alishauri hivyo hivyo, usome yote huku unasahihisha, na kitabu kikirefuka urudi nyuma sura mbili tatu kila siku, na kila wiki usome yote. Lakini Hemingway alikuwa na asubuhi nzima ya kuandika. Ushauri wake unaokufaa wewe ni mwingine, uliomo katika makala hiyo hiyo: simama wakati bado kazi inakwenda vizuri na unajua kitakachofuata. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaandika mpaka tunakauka, tunafunga, halafu kesho tunarudi palepale penye ukame na kushangaa kwa nini mkono hauendi.

Kwa mwenye nusu saa, maana yake ni kwamba dakika tano za mwisho si za kuandika hadithi. Ni za kumwandikia maagizo mtu atakayekuja kuendelea, yaani wewe wa siku nne zijazo, ambaye atakuwa amechoka na amesahau. Sitaki uandike "endelea na tukio la barua." Hayo hayatakusaidia kitu. Andika hivi:

"Tausi amesimama mlangoni, mvua imemlowesha, bahasha iko ndani ya mkoba. Ameona viatu vya kaka yake. Anajua barua imefunguliwa. Hajui ni nani aliyeifungua. Kaka anajua yote lakini anataka Tausi aanze kusema. Hakuna atakayeanza. Watazungumza mambo ya chakula mpaka mama aingie. Sentensi inayofuata ni ya kaka: 'Umechelewa.'"

Tazama kilichomo humo. Kuna mwili na mahali: nani amesimama wapi, ameshika nini, hali ya hewa ikoje. Kuna kile ambacho kila mmoja anakijua na asichokijua, na hapa ndipo kumbukumbu ya mwandishi inapovuja upesi kuliko pengine popote. Rangi ya gauni utaikumbuka, lakini kwamba mama hajaambiwa kuhusu barua utasahau, na ukisahau, atasema jambo ambalo hakupaswa kulijua, nawe utatumia sura mbili kulieleza. Kuna pia kila mmoja anachokitaka katika tukio lile. Mwisho kuna sentensi moja iliyo tayari, ili ukifungua usikutane na ukurasa mtupu. Wapo wanaoacha sentensi katikati ili kesho waimalizie. Mimi naona huo ni mchezo tu. Kuacha tukio katikati kunatosha.

Ukirudi, soma maagizo hayo, soma ukurasa wa mwisho tu, kisha andika. Kurasa za nyuma zihesabu kuwa zimefungwa. Utakapokumbuka jambo linalotaka kurekebishwa huko, na utakumbuka, liandike kwenye orodha ya marekebisho kisha uendelee kana kwamba umeshalirekebisha. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Ukiamua leo kwamba Tausi ni mkunga badala ya mwalimu, kuanzia sentensi hii yeye ni mkunga. Huko nyuma ataendelea kufundisha darasani mpaka rasimu iishe, na hakuna atakayemwona. Vilevile, ukikosa jina la dawa au la sehemu ya injini, weka nyota tatu usonge mbele. Ukiingia intaneti kutafuta jina la dawa, nusu saa yako imekwenda.

Sasa turudi kwa baba. Kabla hujaifuta ile simu, jiulize kwa nini uliiandika. Mwandishi akisahau kwamba amemuua mtu, mara nyingi ni kwa sababu hadithi bado inamhitaji. Pengine sura ya tano inahitaji sauti ambayo Tausi hawezi kuibishia. Je, inaweza kuwa ya baba mdogo, mwenye sauti inayofanana na ya marehemu? Au kifo kisogezwe hadi sura ya sita, ili simu hiyo iwe mazungumzo yao ya mwisho? Mimi ningejaribu hili la kusogeza kwanza, kwa sababu msomaji atakuwa amemsikia baba akizungumza kabla ya kumpoteza, na kifo cha mtu uliyemsikia kina uzito kuliko cha mtu uliyesimuliwa. Ila mtazame pia Tausi katika sura ya tatu na ya nne. Kama anaomboleza huko, kazi itakuwa kubwa kidogo. Iandike kwenye orodha, chagua, songa mbele.

Ili makosa kama hayo yapungue, fungua daftari la riwaya lililo mbali na mswada wenyewe. Sisemi yale majedwali marefu ya mhusika anapenda rangi gani na chakula gani. Hayo ni njia ya heshima ya kukwepa kuandika. Kila ukimaliza tukio, andika mstari mmoja: siku gani, wapi, nani walikuwepo, nini kimebadilika. Ukurasa mwingine uwe wa watu: jina, mwaka wa kuzaliwa badala ya umri (umri hukimbia, mwaka hautembei), kovu au kilema kama kipo na kiko upande gani, na jinsi anavyowaita wenzake. Hilo la kuitana hupuuzwa sana. Mhusika anayemwita mkwewe "mama" sura ya kwanza na kumtaja kwa jina lake sura ya nane, bila ugomvi wowote katikati, humtoa msomaji ndani ya hadithi kuliko kosa la tarehe.

Tarehe nazo zina mitego yake. Mimba ndiyo mtego mkubwa: nimehariri zaidi ya mswada mmoja ambamo mtoto anazaliwa mimba ikiwa ya miezi kumi na miwili, au ya mitano akiwa na afya tele. Mwezi wa angani ni mtego wa pili. Kutoka mbalamwezi moja kamili hadi nyingine ni takriban siku 29 na nusu, kwa hiyo wapenzi wako hawawezi kutembea chini ya mwezi mpevu usiku wa kwanza na tena wiki mbili baadaye. Huo wa pili ni usiku wa giza. Ule mstari mmoja wa kila tukio utakuonyesha haya mapema.

Umeuliza kama wanaandika kila siku. Wapo. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta nchini Uingereza, akiketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa yake ya mfukoni mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe. Aliacha riwaya 47. Lakini Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1993, alisema waziwazi mwaka huohuo kwamba hakuwahi kuweza kuandika kwa ratiba ya kila siku, kwa sababu alikuwa na kazi ya ajira. Alikuwa mhariri katika kampuni ya uchapishaji, akilea watoto wawili wa kiume. Alizoea kuamka kungali giza, akatengeneza kahawa, akainywa huku akitazama mwanga unavyoingia. Mazoea hayo yalianza watoto wakiwa wadogo, kwa sababu ilimbidi aandike kabla hawajamwita mama.

Kwa hiyo kuandika kila siku si sheria. Ninachokuomba ni kidogo kuliko hicho: siku ambazo huandiki, soma tu yale maagizo yako ya mwisho. Dakika mbili zinatosha, hata ukiwa foleni. Hapa pia ndipo ninapojibu swali lako la ilhamu, ambalo sina mengi ya kulisemea. Mtu ambaye ameamka na Tausi kichwani akiwa mlangoni na mkoba uliolowa, atasikia jambo kazini mchana na kujua papo hapo ni la kaka yake Tausi. Mtu ambaye hajaigusa hadithi kwa wiki mbili atasikia jambo hilohilo na lisimwambie kitu. Mawazo mapya ya vitabu vingine yape ukurasa wake wa nyuma, na usiyafuate sasa, hata yakikupendeza vipi. Wazo jipya hupendeza kwa sababu bado halijakupa tabu.

Kuhusu kupanga, wapo wanaoandika muhtasari wa kila sura na wapo wanaoanza na sentensi moja bila kujua iendako, na pande zote mbili zimetoa vitabu vizuri na vibaya. Kwa muda wako wa vipandevipande, nashauri ujue mwisho kwa jumla, hata kama utaubadilisha, na ujue matukio mawili yajayo. Usiende mbali zaidi ya hapo. Muhtasari wa kurasa 20 ni kitu kingine tena cha kupiga msasa, na wewe msasa unaupenda.

Simu au daftari: chochote kilicho mkononi mwako saa hiyo. Alfajiri andika kwenye daftari ukitaka, foleni andika kwenye simu, ukiendesha gari rekodi sauti. Sharti ni kwamba mswada uwe na makao mamoja, na kila kipande kihamie huko kabla wiki haijaisha, vinginevyo utajikuta na nakala tatu tofauti za sura ya sita usijue ipi ni ya karibuni. Faili lipe jina lenye tarehe, siyo "mpya" wala "mpya kabisa". Na mara moja kwa wiki jitumie nakala kwa baruapepe, kwa sababu simu yenye watoto wawili wadogo nyumbani haina maisha marefu.