Jibu: Riba imewekewa ukomo, mbona benki imeninyima mkopo?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, sheria imeweka ukomo wa riba, ukategemea mkopo utapatikana kwa urahisi, lakini benki imekukatalia ilhali deni la nyuma ulilimaliza lote.

Kwanza angalia benki inapeleka wapi fedha zake. Nimesaidia kuandaa maombi mengi ya mikopo ya biashara ndogo, na mara nyingi tatizo huanzia hapo. Riba ikibanwa, benki haiwezi kumtoza zaidi mkopaji isiyemwamini, basi inamwacha na kununua hatifungani za serikali, yaani inaikopesha serikali. Kenya iliyapitia haya: mwaka 2016 riba ya mikopo ilizuiwa isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia. Wakopaji wadogo ndio waliobanwa zaidi, na ukomo ukaondolewa 2019. Inaniuma sana, maana hao ndio waliokusudiwa kulindwa.

Sasa wewe, omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Wakisema dhamana, peleka taarifa ya akaunti ya miezi 12 na uombe kiasi kidogo cha muda mfupi. Wakigoma, nenda chama cha akiba na mikopo. Ila soma ada zote kabla ya kusaini. Riba ikizuiwa, gharama huhamia huko.