Barua kwa mwanangu: zile dola 18,000 za akaunti ya 529

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimepata ujumbe wako na hesabu ulizoambatanisha. Unasema fomu 1099-Q inaonyesha kwamba mwaka jana zilitoka dola 18,000 kwenye akaunti ya 529 ya mjukuu wangu (ile ya Marekani ya akiba ya masomo, ambayo faida yake haitozwi kodi ikilipia masomo), na 6,000 kati ya hizo ni faida. Fomu 1098-T ya chuo inaonyesha ada ya dola 14,000 na ufadhili wa dola 5,000. Unauliza kama ile tofauti ya dola 9,000 ni mapato ya kutozwa kodi. Siyo, na usiijaze popote mpaka umalize kusoma hapa.

Fomu hizo mbili hazikutengenezwa ili zilingane. Wanaotunza akaunti wanajua kiasi kilichotoka, lakini hawajui kimenunua nini. Chuo kinajua ada kilichopokea, lakini hakijui vitabu vilivyonunuliwa dukani, na hata malazi kinayolipwa chenyewe hakiyaandiki kwenye 1098-T. Hesabu ya kuziunganisha ni kazi yako, na ndiyo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, watakayoitaka wakikuandikia.

Akaunti ya 529 inaruhusu gharama nyingi kuliko ada. Vitabu na vifaa vya masomo vimo, kompyuta na intaneti anavyotumia akiwa masomoni vimo, na malazi na chakula pia vimo ikiwa anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida. Angalia kama kisanduku namba 8 cha 1098-T kimetiwa alama. Kwa kuwa anakaa bweni la chuo, unahesabu kile chuo kilichomtoza. Angekuwa amepanga nje, kikomo kingekuwa makadirio ya malazi na chakula ambayo chuo chenyewe huyatangaza, hata kama kodi ya nyumba ni kubwa zaidi. Nauli, tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani, bili ya simu na bima ya afya havimo kabisa, hata chuo kikiiweka bima kwenye ankara moja na ada. Kwa hiyo isome ankara mstari kwa mstari, usichukue jumla ya chini.

Sasa hesabu. Ada 14,000, vitabu 900, bweni na chakula 11,000: jumla 25,900. Toa ufadhili wa 5,000, zinabaki 20,900. Hizo zinazidi 18,000 mlizotoa, kwa hiyo ungeishia hapo, faida yote isingekatwa kodi na usingelazimika kuandika chochote kwenye ritani.

Lakini usiishie hapo. Kuna nafuu ya kodi ya American Opportunity, nayo ina thamani kuliko chochote kingine katika jambo hili. Inakurudishia zote dola 2,000 za kwanza za gharama inazozikubali, kisha robo ya 2,000 zinazofuata: dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka minne ya shahada ya kwanza. Hadi 1,000 kati yake unaweza kulipwa hata kama hudaiwi kodi. Kwa wanandoa wanaojaza ritani pamoja inaanza kupungua mapato yakipita dola 160,000 na kuisha kabisa kwenye 180,000. Kwa asiye na mwenzi ni 80,000 hadi 90,000. Inakubali ada na vitabu, haikubali malazi. Mradi unamweka mtoto kwenye ritani yako kama mtegemezi wako, unaidai wewe kwa fomu 8863, hata kama aliyelipa chuo ni akaunti ya 529.

Sharti ni kwamba dola moja haihesabiwi mara mbili. Dola 4,000 za ada ulizozitumia kwenye nafuu unaziondoa kwenye gharama za 529: 20,900 toa 4,000 ni 16,900. Mlitoa 18,000, kwa hiyo 1,100 zimezidi. Usidhani 1,100 yote inatozwa kodi. Inatozwa sehemu yake ya faida tu: 6,000 mara 1,100 gawanya kwa 18,000, yaani kama dola 367. Faini ya asilimia 10, ambayo kwa kawaida huongezwa juu ya faida inayotozwa kodi, haiwahusu, kwa sababu ziada imetokana na nafuu peke yake. Mnapata 2,500 kwa kutozwa kodi kwenye 367. Mimi nisingeiacha.

Hizo 367 ni mapato ya nani? Angalia jina lililo kwenye 1099-Q. Kwa kuwa pesa zilikwenda moja kwa moja chuoni, jina ni la mjukuu wangu, na 367 peke yake hazifikii kiwango cha kumlazimu kujaza ritani. Akiwa na kazi na anajaza, ziandikwe Schedule 1, jedwali la nyongeza la ritani, mstari wa 8z. Kisha fomu 5329, sehemu ya II: kiasi hicho mstari wa 5, kiasi hicho hicho mstari wa 6 kudai msamaha wa faini. Mngezipitisha benki kwako kwanza, fomu ingekuja kwa jina lako na faida ingekatwa kwa kiwango chako. Mwaka huu pia ziende chuoni au kwake.

Ukitumia programu ya kujazia ritani, ukiingiza zile fomu mbili na kuacha malazi na vitabu, itakuonyesha kodi ambayo hudaiwi. Tafuta ukurasa wa gharama nyingine za masomo uzijaze kwa mkono.

Jambo linalowaponza watu wengi ni Desemba. Pesa zitoke kwenye akaunti mwaka ule ule gharama inapolipwa. Muhula wa Januari mkiulipia Desemba, toeni Desemba. Mkiulipia Januari, subirini Januari. Ombi la tarehe 30 Desemba linaweza kushughulikiwa baada ya mwaka mpya, basi liwahi wiki mbili kabla. Kisanduku namba 7 kikiwa na alama, ujue ndani ya ada hiyo kuna ya muhula wa mwaka unaofuata, na usiirudie mwakani.

Akiacha somo na chuo kikarudisha pesa, mna siku 60 tangu siku ya kurudishiwa kuziingiza tena kwenye akaunti ya 529 ya mtoto huyo huyo, zisizidi kilichorudishwa. Zikikaa benki zaidi ya hapo, zinahesabiwa kama zilizotolewa bila gharama.

Mwisho, jimbo. Kama ulipata punguzo la kodi ya jimbo ulipokuwa unachangia, soma masharti yake, kwa kuwa baadhi ya majimbo hudai punguzo hilo lirudishwe pesa zikitumika nje ya masomo. California nayo huongeza asilimia 2.5 juu ya ile faini ya serikali kuu.

Risiti huambatanishi na ritani. Weka ankara za chuo, risiti za vitabu, taarifa ya akaunti na karatasi ya hesabu hii mahali pamoja, angalau miaka mitatu baada ya kujaza. Kabla hujatuma ritani, nipigie picha ukurasa wa 8863 niutazame.

Mama yako