Muulize Shangazi: Kila nikifungua kitabu mtu anakuja kukaa

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani barabara ya 14, tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili ile ya koridoni katikati, wapangaji tuko familia nne. Shida yangu watu wataiona ndogo, hata mume wangu kacheka nilivyomwambia nakuandikia. Napenda kusoma hadithi tangu niko shule ila tangu niolewe sijamaliza kitabu hata kimoja. Ndani joto na tivii, tamthilia ya Kituruki ikiisha wanaweka mpira. Nikaenda kukaa barazani, nikasema hapa ndo penyewe, upepo upo mwanga upo, lakini kila nikifungua ukurasa mtu anapita, "mama nanii hujambo, unasoma nini, una mtihani?" afu anakaa, saa nzima imekwenda. Siku hizi nasikia majirani wanasema najidai msomi. Nimeona kwenye simu wenzetu wana kona zao, kochi la mtu mmoja, blanketi, taa ya kusimama. Nimeanza kudunduliza nimpe fundi anitengenezee kochi kama lile. Nitengeneze au nitakuwa nimetupa hela?*
Mama Wawili, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Kochi usitengeneze. Hao uliowaona kwenye simu kwao kuna baridi, blanketi lina kazi, sasa wewe mwezi wa pili Tanga hii ukalie sponji na kitambaa cha manyoya si utanyanyuka hapo umelowa mgongo mzima kama umetoka kuoga. Hiyo hela ya kudunduliza iache kwanza, ntakwambia cha kufanya nayo.

Tuanze na baraza maana hapo ndo ulipokosea na majirani unawaonea bure. Baraza hata kama ni la nyumba unayolipia kodi si lako, ni la mtaa. Limejengwa likatazama njia makusudi watu wakae, wapokee wageni, wacheze bao, wale kashata na kahawa. Ukikaa pale umeshasema "karibuni". Sasa mtu kakupitia, kakukuta umeinama kwenye karatasi hata kichwa hunyanyui, yeye afikirie nini? Angepita bila kusema neno ungesema kakununia. Hao hawana ubaya mwanangu, wewe ndo umekwenda kusoma mapokezi.

Nenda uani. Najua utasema uani kuna majiko, kamba za nguo, bafu, watoto wa familia nne. Sawa, ila uani mtu akikaa kimya hashangazwi, kila mtu ana lake mkononi, huyu anachambua mchele yule anasuka ukili, na wewe una kitabu chako. Mi nilikulia Chumbageni na kisehemu changu kilikuwa nyuma ya jiko chini ya mkungu, kigoda tu na ukuta wa kuegemea. Kungu zilikuwa zinaniangukia kichwani, usiku popo wanakuja kuzila, asubuhi nakuta makokwa yametapakaa nafagia kwanza ndo nikae. Nina kitabu mpaka leo kina doa jekundu la kungu ukurasa wa katikati, nikiliona tu nasikia harufu ya samaki wa kupaka wa mama na ule mlio wa mbuzi ya nazi krr krr krr. Raha yenyewe ilikuwa hiyo, kwamba watu wako wote unawasikia wapo, hakuna aliyepotea, na wewe umekwenda zako mbali na hujanyanyuka kwenye kigoda. Kimya cha kaburini hakinisomeshi mimi, kinanilaza.

Sasa uani upande gani? Usiamue leo. Chukua stuli au ndoo uigeuze, wiki nzima uwe unahama nayo, asubuhi hapa, mchana pale, uone jua linakupiga wapi na upepo unakufikia wapi. Kwetu huku hii kitu ina mpangilio wake na watu hawauangalii: katikati ya mwaka, mwezi wa 6 wa 7, jua linapita upande wa kaskazini, na upepo unaovuma ni kusi, unatoka upande wa pili. Kwa hiyo ukikaa ubavu wa kusini wa ukuta unapata kivuli na upepo kwa pamoja. Ikifika mwezi wa 12 mpaka wa 2 kila kitu kinageuka, jua limehamia kusini na kaskazi ndo inavuma, na wewe beba stuli yako uhamie ubavu wa kaskazini. Mapema mwezi wa 3 na mapema mwezi wa 10 jua la mchana linakuwa utosini kabisa, ukuta wowote haukusaidii, hapo tafuta mti au banda la makuti. Ukuta unaotazama magharibi jioni uukimbie miezi yote, unachemka mpaka usiku. Unaona sasa kwa nini nimekukataza kochi? Kochi halihami.

Cha kukalia, mkeka wa ukindu na mto wa sufi. Ukiweza kupata kitanda cha kamba basi hapo tena usiniambie kitu, kile kinapitisha upepo mgongoni na chini, hakuna kochi linaloweza hivyo. Hela yako iende hapo, na ikibaki weka balbu nje.

Alafu saa. Jioni usijidanganye, majiko yote manne yanawaka na watoto wanataka kuoga. Lakini saa nane mchana watu wameshakula nyumba nzima imelala, hata kuku wamelala, unayo mpaka alasiri. Chai ya tangawizi weka kwenye chupa kabisa usije ukanyanyuka katikati, maana ukinyanyuka tu utaona sufuria chafu, ukiona sufuria basi.

Kuhusu kuonekana unajitenga, tundika kanga kwenye kamba mbele yako. Inakata mwanga mkali, na wakishazoea wataelewa kanga ikiwa juu upo safari. Ila mwanangu angalia jina la kanga! Ukitundika la mafumbo kila mmoja wa zile familia tatu atajua anasemwa yeye na hicho kitabu hutakisoma, utashinda unaapa. Tundika lenye dua. Na siku moja moja soma kwa sauti watoto wa uani wakusikilize, mi nilianza hivyo kwa wapwa zangu, mama zao wakawa wanasogeza vigoda wenyewe mmoja mmoja huku wanajifanya wanamenya vitunguu.

*Shangazi shikamoo, mi nakaa Raskazone karibu na bahari, nina rafu ya vitabu na kiti changu dirishani, pazuri sana ila vitabu vinaota ukungu mweupe kila masika. Nimevifunga kwenye mifuko ya nailoni ndo vimezidi. Nifanyeje, nivianike juani?*
Kijana wa Pwani

Marahaba. Mifuko itoe leo hii, umefungia unyevu humo ndani na ukungu unakushukuru. Hewa ya bahari ina maji, karatasi inayanyonya, na masika mwezi wa 3 mpaka wa 5 ndo balaa. Rafu isogeze mbali kidogo na ukuta, hasa ukuta wa nje, hewa ipite nyuma. Vitabu usivishindilie kama daladala ya saa moja asubuhi, acha vipumue. Vyenye ukungu vitoe nje, vianike kivulini penye upepo umevifungua wazi mpaka vikauke, ndo uvifute kwa kitambaa kikavu, na ukiwa unafuta ziba pua maana ile vumbi si nzuri kifuani. Jua kali hapana, karatasi inageuka njano na gundi ya mgongoni inakatika, unabaki na kurasa zinaruka kama vipeperushi vya uchaguzi. Rafu ya chini kabisa usiweke kitu unachokipenda, hiyo waachie mchwa waanzie kwenye magazeti ya zamani. Wengine wanaweka karafuu, harufu nzuri na mi naweka, ila usiitegemee peke yake.

*Bi shangazi habari. Nina miaka 47, nimestaafu mapema, nimejitengenezea kiti kizuri chini ya mwembe hapa Muheza nisome magazeti na vitabu. Mwanzo ilikuwa raha ila sasa naona kama mwanga wa pale hautoshi, nashika kitabu mbali mpaka mkono unachoka. Nikate matawi?*
Mzee Kijana

Mzee Kijana, mwembe una kosa gani? Ukishapita miaka 40 lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu, vya karibu havikai sawa, ndo maana mkono unakwenda mbali. Iko siku mkono utakuwa mfupi. Nenda ukapimwe macho, watakupa miwani ya kusomea. Wale wa mnadani wanaouza miwani ya kupanga chini unajaribu mpaka uone, usianzie kwao, kwanza upimwe ijulikane hakuna tatizo lingine humo.

Ila mwanga nao una sehemu yake, maana jicho likishafikia umri huo linataka mwanga zaidi. Geuza kiti mwanga utokee nyuma ya bega uangukie ukurasa, siyo ukupige usoni. Maembe yakiiva songea pembeni, hilo hujaniuliza lakini nakwambia. Na miwani ukishaipata usiwe unaiacha juu ya kiti unaponyanyuka kumpokea mgeni. Ya kwangu ya kwanza nilikaa nayo siku tatu, ya nne nikaikalia.