Maswali na majibu: tundu lenye alama ya spana nyuma ya seva

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu kuisimamia seva ya kwenye raki ukiwa mbali nayo. Tundu la spana ni la kikompyuta kidogo kilicho ndani ya seva kwa kazi hiyo: kwenye seva za Dell kinaitwa iDRAC, kwenye za HPE kinaitwa iLO. Nimechagua haya.

Shikamoo mzee. Seva ya Dell iko ofisini Sakina, mimi nakaa Usa River. Nimechomeka waya kwenye tundu lenye alama ya spana lakini kwenye kivinjari sioni kitu. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza ukiwa mbele ya seva, na monita na kibodi, mara hii moja. Iwashe, bonyeza F2, ingia mipangilio ya iDRAC, sehemu ya mtandao. Angalia imechagua tundu gani. Ikiwa imeandikwa LOM1, inatumia tundu la kawaida la seva, na waya wako wa kwenye spana haufanyi kazi yoyote. Ibadilishe itumie tundu lake yenyewe.

Kisha anwani. Dell nyingi hutoka kiwandani na 192.168.0.120, kama ofisi yako inatumia 192.168.1, utakesha bila kuiona. Ipe anwani ya kudumu ya mtandao wako. Wenye HPE, bonyezeni F9 (F8 kwenye za zamani). iLO huomba ruta iigawie anwani (DHCP), hivyo itafuteni kwenye orodha ya ruta.

Seva ikiwa imezimwa, naweza kuiwasha kutoka nyumbani?

Ndiyo, mradi waya wa umeme umechomekwa. Kile kikompyuta cha iDRAC au iLO kina programu yake, na hakilali seva inapolala. Lakini umeme ukikatika na UPS (betri ya akiba) ikaisha chaji, nacho kinazima. Kwa hiyo kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya seva) weka seva ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Na ruta na swichi nazo zichomeke kwenye UPS! Nimeingia ofisi nyingi hapa Arusha nikakuta seva ina UPS ya bei mbaya, na ruta imening'inia kwenye soketi ya ukutani.

Nywila ya kiwandani ya iDRAC ni ipi?

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lile lile. Dell za zamani: root, na nywila calvin. Tangu kizazi cha 14, kilichotoka 2017, kwa kawaida kila mashine ina nywila yake kwenye kile kibao chembamba kinachovutwa upande wa mbele. HPE pia huibandika kwenye mashine. Seva za Supermicro ilikuwa ADMIN kwa jina na kwa nywila, hadi sheria ya jimbo la California iliyoanza 2020 ikataka kila kifaa kiwe na nywila yake au kimlazimishe mtumiaji kuweka mpya.

Kinachoniudhi ni kwamba wanaouliza wengi wakishaingia hawaibadilishi. Mwaka jana niliitwa kwenye ofisi moja Kijenge, seva "inajizima usiku". Nikafungua kumbukumbu za iDRAC. Amri ya kuzima ilikuwa imetolewa na root, saa nane usiku, kutoka anwani ambayo hakuna aliyeijua. Nywila ilikuwa bado calvin.

Nimenunua seva ya mtumba. Muuzaji amenipa nywila na inafanya kazi. Kuna la ziada?

Kubwa. Nywila uliyopewa si lazima iwe peke yake. Watumiaji wa mwenye mali wa kwanza wanaweza kuwa bado wamo humo, na kufuta diski hakuwagusi. Rudisha mipangilio yote ya kiwandani kupitia skrini ya seva, kisha pandisha programu ya ndani iwe mpya. Usidharau hili. iLO 4 za kabla ya toleo 2.53 zilikuwa na kasoro iliyotangazwa 2017: mtu alituma herufi A mara 29 kwenye ombi lake la mtandao, akaingia bila nywila. Na mitumba mingi ni ya umri huo.

Nifungue poti gani kwenye ruta ili niingie kutoka nyumbani?

Usifungue hata moja. Nasema tena, hata moja.

Mwenye iDRAC anazima seva, anabadili diski ya kuwashia, anaona skrini kama amekaa mbele yake. Antivirusi ya Windows haimwoni, kwa sababu yuko chini yake. Na IPMI 2.0, lugha ambayo vikompyuta hivi huitumia kupokea amri kwenye mtandao, kwa jinsi kanuni yake ilivyoandikwa, humkabidhi anayelijua jina la mtumiaji alama ya siri inayotokana na nywila, kabla hajathibitisha chochote. Akaichezee kwake taratibu hadi aipate nywila yenyewe. Hilo linajulikana tangu 2013, na dawa yake si toleo jipya. Zima IPMI ya kwenye mtandao kama huitumii.

Pitia VPN, njia ya siri iliyofungwa kwenye intaneti. Programu ya WireGuard inatosha, na ruta nyingi za MikroTik tulizo nazo zinaiweza kuanzia RouterOS 7. Kama intaneti yako ni ya laini ya simu, kwa kawaida huna anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje. Basi ruta ya ofisini ndiyo ipige kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi, nawe ukutane nayo huko. Tundu la spana liwekee VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), mbali na kompyuta za wahasibu na Wi-Fi ya wageni. Na kumbuka tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililotaka watumiaji wa VPN watoe taarifa. Ofisi isilipuuze.

Skrini ya mbali haifunguki, inadai leseni.

iDRAC Enterprise au iLO Advanced. Bila hiyo bado unawasha, unazima na unaona joto na feni. Kama seva iko Karatu nawe uko Moshi, lipia.

Fundi wetu anaacha kazi Ijumaa. Nywila za iLO anazo yeye tu.

Kaa naye kabla ya Ijumaa. Mfungulie mtu mwingine akaunti yake mwenyewe, ajaribu kuingia fundi akiwapo, kisha ifuteni ya fundi mbele yake. Nywila mpya iandikwe kwenye karatasi, iingie bahasha, ifungiwe kwenye sefu ya mhasibu.