Jibu: Binti yangu anakwenda Maskati kufanya kazi, aniachie wanawe wawili?

Bibie uliyeuliza, nimesoma majibu yaliyotangulia. Karibu wote wamekwambia uwapokee, wajukuu ni baraka. Ni kweli. Lakini umesema mkataba wa binti ni miaka miwili, watoto wana miaka mitano na tisa, nawe ni mjane na miguu inakusumbua, kwa hiyo yako ya kupanga ni mengi. Mimi na mama watoto tunalea watatu hapa Mtambwe, wa binti yetu aliyeko huko huko Omani.

Kwetu Pemba babu na bibi ni watani wa wajukuu. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mimi ni wa kufukuzwa nyumba. Akinikuta nakula pweza wa nazi ananiondolea sahani, eti mkewe kampikia yeye. Mama akimgombeza, mbio kwa bibi, anajificha nyuma ya kanga. Utaratibu mzuri sana, ila unakwenda kwa sababu mama yupo. Akisafiri, yule aliyekuwa kimbilio ndiye sasa anayekagua madaftari, anayemwamsha alfajiri, anayeshika bakora. Mtoto anakosa pa kukimbilia. Ndiyo maana mabibi wengine hulegea kabisa, na wengine wakawa wakali kupita mama mwenyewe. Mimi wote wawili siwalaumu.

Sisi ukali tulimpa mjomba wao. Anakaa jirani, skuli wakiita mzazi anakwenda yeye. Mkubwa akitoroka chuoni, yaani madrasa, kwenda kuogelea, kesi inasikilizwa kwa mjomba baada ya isha, na bibi anakwenda naye kumtetea kama wakili aliyelipwa vizuri. Mara nyingine adhabu inapunguzwa, mara nyingine haipunguzwi, lakini mtoto anajua nani anamhukumu na nani yuko upande wake. Na wewe tafuta mtu wa namna hiyo: kaka yako, mwanao mwengine, hata khalati yao, dada wa mama yao, kama ana sauti. Akubali mbele ya binti yako, kabla hajaondoka.

Binti naye aelewe hivyo. Kule atakuwa peke yake, ana hamu ya wanawe, na mtoto akimlilia kwenye simu kuwa mjomba kamnyima kitu, atatamani kumtumia hela siku ile ile akakinunue. Akifanya hivyo, neno la mjomba limekufa. Kwetu makubaliano ni kwamba malalamiko yote yatasikilizwa, ila jibu halitolewi mpaka mama azungumze na watu wazima kwanza. Mwanzo hakupenda.

Sasa baba yao. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, kwamba waliachana na yuko Unguja. Usimpite hivyo. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mama akiwa hayupo, anayefuata katika haki ya kulea ni bibi mzaa mama, yaani wewe, lakini masurufu ya watoto, yaani gharama za kuwatunza, yanabaki juu ya baba yao. Kukaa kwako hakumfutii kitu. Mwite pamoja na wazee wake, aseme atatoa nini na lini. Akikataa, Mahakama ya Kadhi ipo wilayani. Faida nyengine ya kumwita: nimewaona watoto wakija kuchukuliwa ghafla na upande wa baba kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyeuliza upande huo.

Pesa nitasema kwa ufupi. Pencheni Jamii, ile ya wazee inayotolewa na Serikali ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni ya waliotimiza miaka 70, na hata ilivyoongezwa ni ya dawa zako na chai yako, haivishi sare watoto wawili. Miezi ya mwanzo usitarajie kitu kutoka kwa binti, weka akiba. Kama una mikarafuu, ishukuru, lakini usiipangie bajeti, maana haizai sawa kila mwaka.

Makaratasi abaki nayo mtu mmoja: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, nakala ya pasi na mkataba wa binti, na namba ya simu ya mwajiri wake. Sheha, kiongozi wa shehia yenu, naye aarifiwe kuwa watoto wako kwako. Mdogo ataandikishwa darasa la kwanza mama akiwa hayupo, na cheti cha kuzaliwa kitaulizwa.

Kuna mmoja juu kashauri aondoke usiku watoto wamelala ili wasilie. Hapana, tafadhali. Wetu wa kati aliachwa hivyo, na kwa muda mrefu hakukubali kufumba macho mpaka amshike bibi yake mkono. Awaambie mwenyewe, mchana, anakwenda wapi na atarudi lini, na wamsindikize mpaka bandari ya Mkoani kama nauli ipo. Watalia, sawa.

Na hiyo miguu yako, usikubali kuwa wewe ndiye wa kuwapeleka chuoni na kuwafuata. Huyo wa miaka tisa atamshika mkono mdogo wake waende pamoja, ndivyo tulivyokwenda sote.