Noti ndefu: sikiliza inavyokwisha

Wapuliza ala wengi hupima noti ndefu, yaani zoezi la kushikilia sauti moja kwa pumzi moja, kwa saa: leo sekunde 20, kesho 25. Kipimo hicho kinapotosha. Sekunde 8 za sauti iliyotulia zina faida kuliko 30 ambazo kumi za mwisho zinatetemeka, kwa maana midomo hukariri chochote inachorudia, hata huo mtetemeko.

Weka metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi moja, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Vuta pumzi mapigo 4, mabega yakiwa yametulia na mbavu za chini zikitanuka. Puliza mapigo 8, kisha pumzika 8. Kati ya kuvuta na kupuliza usisimame: ukiizuia pumzi hata kidogo koo hujifunga, na noti huanza kwa mshtuko. Chagua noti ya katikati isiyokupa taabu, kama G ya mstari wa pili kutoka chini katika mistari ya nota kwa tarumbeta, au B ya mstari wa katikati kwa fluti na saksafoni, halafu shuka nusu toni moja moja, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Noti za chini hudai hewa nyingi na midomo iliyolegea kiasi. Ukikimbilia za juu mapema utabana, na ukishabana hutaachia hadi mwisho wa zoezi.

Baadhi ya noti zianze bila ulimi, kwa pumzi tu, kama unayesema "huu". Ukisikia upepo kabla ya sauti, ama hewa ni dhaifu ama midomo imekaza. Ulimi huficha kasoro hiyo, ndiyo maana wengi hawaijui.

Noti ikishatulia, ikuze nguvu kwa mapigo 4 na uipunguze kwa 4. Hapa kila ala ina ukaidi wake. Fluti hupanda tyuni (noti huwa juu kuliko inavyopaswa) unapopuliza kwa nguvu na kushuka unapopunguza. Klarineti na saksafoni hufanya kinyume. Kwa hiyo mpiga fluti anapopunguza sauti aelekeze hewa juu kidogo na kupunguza uwazi wa midomo, na mpiga klarineti aache kung'ata.

Tyuna, kifaa ambacho sindano yake huonyesha kama noti iko juu au chini, nayo ina mtego wake. Ukiikodolea macho utaifukuza sindano noti nzima, na sauti itayumba. Fumba macho, tuliza noti, ndipo uangalie. Bora zaidi, weka sauti moja isiyokatika ya simu au kinanda na upulize noti ileile juu yake. Kama moja ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 na nyingine 442, utasikia mawimbi mawili kwa sekunde, "wa-wa, wa-wa". Yakipungua kasi, unakaribia. Mawimbi hayasemi kama uko juu au chini. Jaribu kushusha kidogo, na yakizidi kasi, rudi upande wa pili.

Sasa mwisho wa noti, ambao karibu kila mtu huutupa. Maliza ukiwa bado na hewa. Kata sauti kwa kusimamisha pumzi, midomo ikibaki na umbo lake pigo moja zaidi. Ukiilegeza mapema, noti inainama kabla ya kuzimika. Ukikata kwa koo, unasikika mguno. Ikiwa mtetemeko unaanza pigo la 7, rudi kwenye mapigo 6 kwa siku kadhaa, halafu ongeza mawili mawili. Kupiga 16 kwa usafi si jambo la wiki moja.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Kwa tarumbeta na tromboni, muda wa kupumzika usipungue ule wa kupuliza, na alama nzito ya duara mdomoni ni dalili kwamba unaigandamiza ala usoni badala ya kuongeza hewa. Kizunguzungu kikija, keti na upumue kawaida mpaka kiishe. Na ukipuliza ala ya tete (kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni), kama klarineti au saksafoni, ukisikia mkwaruzo usioondoka, badilisha tete kwanza kabla ya kulaumu midomo.