Muulize Mwalimu: Macho yakidanganya, tuamini nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwezi mpevu ukichomoza baharini hapa Tanga unakuwa mkubwa kama sinia, lakini ikifika saa nne usiku umeshanywea. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema haubadiliki, ni macho yetu tu. Kama macho ni waongo hivyo, na sayansi inaanza kwa kutazama, tuiamini vipi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba. Kijana kapatia, ila swali lako ni gumu kuliko jibu lake.

Kwanza hakikisheni wenyewe. Upigeni picha kwa simu ukichomoza, na tena saa sita usiku, mkivuta kwa kiasi kilekile. Pimeni kwa rula upana wake, si kimo, maana hewa ya chini huubonyeza kidogo. Hakuna kilichopungua. Au kunja karatasi iwe bomba, uuchungulie kwa jicho moja bila kuona bahari wala minazi: unasinyaa papo hapo! Tena ukichomoza uko mbali zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa kilomita zipatazo 6,400, yaani nusu ya kipenyo cha dunia. Kwa haki ungeonekana mdogo, ingawa kwa chini ya asilimia 2.

Ptolemy wa Aleksandria, mwanafalaki wa kale, aliusingizia mvuke wa hewani. Miaka elfu moja hivi iliyopita Ibn al-Haytham, mtaalamu wa mwanga, mzaliwa wa Basra aliyeishia Cairo, aliigeukia akili ya mtazamaji: jicho hupokea mwanga, ukubwa tunauamua sisi kwa kukisia umbali. Ardhi na vitu vilivyo katikati hutufanya tuhisi upeo wa macho uko mbali, basi kilichoko huko tunakikuza. Ubishi haujaisha, kwani hata juu ya bahari tupu, kama hapo kwenu, mwezi huvimba.

Sasa, nani kayakamata macho yakidanganya? Macho hayohayo. Rula umeisoma kwa macho. Tulichobadilisha ni mazingira ya kutazama: tumeficha bahari, tumeweka kipimo, wamepima watu wawili. Sayansi haihitaji jicho lisilokosea, inahitaji njia ya kulikosoa. Wala kujua hakuponyi. Mimi nimelifundisha hili hadi kustaafu, na bado nauona mkubwa.

Ila picha zote mbili ziwe za usiku mmoja. Katika mzunguko wake mwezi hutusogelea na kutuacha, na hapo ukubwa tunaouona hubadilika kweli, kwa zaidi ya asilimia 10.